Waya Pacha za Mwalimu Kavutha

Hakuna kitu kwa kazi ya stima na jua ambacho kinaweza kunishangaza. Hayo nimeyasema kwa harusi, nimeyasema kwa matanga, na mara moja niliyasema mbele ya kanisa nilipoombwa nitoe ushuhuda mfupi nikachukua dakika arobaini. Mimi Musembi, fundi wa Kalamba, nimepandisha paneli juu ya mabati mengi kuliko fundi yeyote kati ya Kathonzweni na Nuu, na anayebisha alete orodha yake. Mimi orodha sina. Habari yenyewe iko hapo, lakini ngojeni nianze mwanzo.

Nawaandikia nyinyi mlio bado juu ya ngazi. Mimi nimeshuka. Nina miaka hamsini na nne, goti langu la kushoto limekataa mabati kabisa, na daktari aliniambia nichague kati ya kupanda na kutembea. Shule niliishia darasa la nane. Sijawahi kuona haya kwa hilo, maana nimewahi kusahihisha mainjinia wawili, na mmoja wao alinishukuru.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya baiskeli. Siku hizo Kalamba hakukuwa na stima. Mwenye televisheni aliiwasha kwa betri ya gari, na betri ikiisha ilibidi ipelekwe sokoni kuchajiwa kwa jenereta ya mtu wa kinu cha kusaga. Jumatatu nilizunguka boma kwa boma nikikusanya betri, nikizifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira ya tairi, nne kwa safari moja. Jumatano nilizirudisha. Asidi ilinilia suruali tatu. Lakini nilijifunza mambo mawili ambayo hamtafundishwa chuoni. La kwanza, betri inayokufa unaijua kwa joto lake ikichajiwa. La pili, mtu ambaye betri yake imekufa atamlaumu aliyeibeba.

Aliyenitoa kwa baiskeli ni Mzee Mbithi, Mungu amlaze pema. Alikuwa amefunga waya kwenye mashule na mahospitali kabla mimi sijajua kuvaa viatu. Mtu mwembamba, mkali, hakunywa hata soda. Miezi mitatu ya kwanza nilibeba ngazi yake tu. Sikuguswa na waya, waya haukuguswa na mimi. Siku aliyoniruhusu kukaribia, aliniuliza, "Musembi, waya usioujua unaupima na nini?"

"Na hiki kitesta, Mzee."

"Na kitesta kikiwa kimeharibika?"

"Basi na kidole."

"Aiya! Na mgongo wa mkono. Stima ikikupiga mkono unajikunja. Ukiwa umeuweka hivi, unakuja kwako. Ukiwa umeshika, unajikunja na waya ndani, halafu mimi nitamwambia nini mama yako?"

Kile kitesta ninacho mpaka leo. Kishikio kilikuwa cha njano, sasa kimekuwa rangi ya chai. Kitu kingine cha Mzee Mbithi ambacho sikuchukua ni tabia yake ya kuandika. Kila nyumba aliyofunga, jioni aliketi na daftari la watoto wa shule akaandika waya unapita wapi, wa unene gani, umeungwa wapi. Nilikuwa nikimcheka. Nikamwambia, "Mzee, mimi yote naweka kwa kichwa." Akasema, "Sawa. Na mwenye nyumba akitaka kukifungua?"

Stima ilipofika pande za Kathonzweni, watu walinipigia simu kama mimi ndiye niliyeileta. Shida ilikuwa moja. Mita ziliwekwa karibu na lango, nyumba ziko mbali, katikati ya shamba, na kutoka kwa mita mpaka nyumbani unahitaji waya mnene. Waya mnene bei yake ilikuwa inafanya mtu aamue kulala giza. Hapo ndipo nilipofanya ile kazi iliyonipa jina. Nilichukua waya mbili nyembamba, nikazilaza pamoja ndani ya bomba moja la plastiki, nikaziunga mwanzo na nikaziunga mwisho. Kila mmoja unabeba nusu ya mzigo. Jembe la plau linavutwa na ng'ombe wawili, hakuna mtu anayeona ajabu, basi stima nayo nikaifungia wawili. Nikaziita waya pacha. Mafundi walikuja kutoka mji wa Wote kutazama. Mzee Mbithi alikuwa amekwisha staafu, lakini nilimchukua akaone. Alitazama muda mrefu, akauliza, "Umeandika mahali?" Nikamwambia nyumba zangu nazijua kama watoto wangu. Nina watoto sita, na hata wao huwa nawachanganya majina, lakini siku hiyo sikulifikiria hilo.

Jua nalo likaja na visa vyake. Kile ninachopenda kusimulia ni cha Nuu, kwa Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia huko na familia yake kutoka kaskazini. Alinipigia akilalamika paneli zake zinalala mchana. Asubuhi sawa, saa sita hakuna kitu. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kidhibiti chaji, nikarudi mara tatu kwa pikipiki, na ile barabara mnaijua. Mara ya nne nilifika bila kutangaza. Nikapanda juu nikakuta paneli zimefunikwa nyama, vipande virefu vimepangwa vizuri kama nguo. Mkewe alikuwa anakausha nyama hapo kwa sababu pana joto na mbuzi hawafiki. Bwana Abdi akaniambia, "Fundi, mimi nilifikiri umeniuzia paneli ya kukausha nyama." Tulicheka mpaka tukala ushahidi.

Basi mtu aliyeona hayo yote, ni kitu gani kingemshangaza?

Ndunge alikuja kufanya kazi kwangu akiwa na miaka thelathini na mbili, cheti kutoka chuo cha ufundi cha Kitui, na ovaroli ya mwanaume aliyokunja mikono mara tatu. Namtaja mapema kwa sababu yeye ndiye mtu mkuu katika habari hii, ingawa itaniuma kuandika. Anapima kitu kabla ya kukigusa, anapima tena akimaliza, halafu anaandika. Nilimwambia ananikumbusha mtu. Hizi inveta mpya za kugeuza stima ya jua iwe ya nyumba zilipokuja, zile zenye betri ya ukutani na kioo cha kubonyeza, nilimwachia yeye sehemu ya vidole, mimi nikabaki na sehemu ya mikono.

Mwalimu Kavutha wa Kathonzweni alikuwa amestaafu ualimu akiwa na wazo moja: vifaranga. Alinunua mashine za kuangulia mayai, mayai mia sita kwa mara moja, na pesa yake ya kustaafu karibu yote akaiweka kwa paneli, betri na inveta. Nyumba yake nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe, waya pacha kutoka langoni, miaka mingi kabla. Jua la kwetu mnalijua, ni la kumwaga, lakini Julai linajificha wiki mbili, tatu, na betri peke yake haiwezi kuweka mayai joto. Kwa hivyo Mwalimu alihitaji laini ya stima ibaki, na kampuni ya stima ilikuwa imempa ruhusa ya kurudisha kwa laini stima ya ziada mchana betri zikijaa. Karatasi ya ruhusa ilisema ampea kumi, zisizidi. Transfoma ya pale ni ndogo, laini ni ndefu, ukisukuma sana volti zinapanda kwa nyumba za jirani.

Sasa inveta itajuaje inasukuma ngapi? Kuna pete nyeusi, ndogo, inafunguka kama mdomo, unaifunga kwenye waya unaoenda kwa mita. Hiyo pete ndiyo jicho. Inaona ni kiasi gani kinapita, inaiambia inveta, inveta ikifika kumi inajizuia. Ndunge aliandika kumi kwenye kioo. Pete niliifunga mimi. Tundu lake ni dogo, waya zangu ni mbili, mmoja uliingia vizuri, nikafunga. Kwa akili yangu pete ilikuwa inanusa tu kama stima iko, vile unaweka mkono karibu na sufuria kujua kama ni moto.

Miezi miwili baadaye shida zikaanza kwa jirani. Mwenye duka, kifaa kinacholinda friji yake kilikuwa kinazima kila saa sita mchana, soda zikawa za moto. Taa za watu zikawa zinaungua. Halafu Jumamosi moja kwaya ikifanya mazoezi, amplifaya ya kanisa ikatoa moshi. Lile ni kanisa la Mwalimu mwenyewe, yeye ndiye mweka hazina. Akina mama wakaanza kumsalimia kwa mbali, na mmoja alimwambia wazi, "Mwalimu, jua lako limetuchomea Mungu."

Kijana wa kampuni ya stima akaja, mpole, na kofia yake ya plastiki. Akasoma mita langoni. Ampea ishirini zinatoka. Akaandika barua: siku kumi na nne, ama zirudi kumi ama ruhusa ifutwe na laini ikatwe. Mayai mia sita yalikuwa ndani ya mashine na Julai ilikuwa mlangoni.

Mwalimu alinipigia simu. Nilifika na Ndunge. Nikafunga kipimo changu cha mkononi pale pale penye pete. Ampea kumi. Nikamwita kijana wa kampuni aone.

"Kumi," nikamwambia. "Mita yenu imelewa."

"Mita ni mpya, Mzee. Inasoma ishirini."

"Kijana, nilianza kazi hii ukiwa hujazaliwa."

"Ndiyo, Mzee. Lakini ni ishirini."

Ndunge alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la ukutani na tochi. Akaniuliza, "Mzee, huu waya mwingine unaoingia ukutani unaenda wapi?" Nikamwambia waya zangu aziache, atazame mashine yake. Akauliza tena. Mara ya tatu akasema, "Mzee, naomba tufungue ukuta kidogo tu tuone." Mbele ya Mwalimu, mbele ya kijana wa kampuni, nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata chai inanishinda. Nikasema, "Mwalimu, mimi nilifunga waya, na waya zangu hazijawahi kukosa. Nambari iliandikwa na huyu. Ukitafuta makosa, tafuta kwa vidole vyake."

Ndunge alifuta bisibisi kwa ovaroli, akaiweka juu ya sanduku langu la vifaa, akasema, "Mwalimu, baki salama," akatoka kwa miguu mpaka barabarani. Wiki hiyo nikasikia yuko Nuu, amepata kazi ya pampu.

Mimi nikabaki na siku kumi na nne na kichwa changu. Nilipigia waliotuuzia inveta, wakaniambia niizime niiwashe. Niliizima nikaiwasha. Nikaenda mpaka Kitui nikaazima inveta nyingine mpya, nikaifunga. Ishirini. Siku tano zimeisha. Mwalimu alikuwa ananiletea chai kila siku bila neno, na nawaambieni, chai ya mtu ambaye hakulaumu ni nzito kuinywa kuliko matusi.

Siku ya kumi nikamwomba asimame langoni kwa mita na simu, mimi niwe ndani nikibadilisha ile nambari ya mpaka kwenye kioo. Akina mama wawili wa kanisa walikuwa wanapita, wakasimama kutazama.

"Mwalimu, nimeweka sita. Inasoma ngapi?"

"Kumi na mbili, Fundi."

"Nne?"

"Nane."

"Saba?"

"Kumi na nne. Fundi, mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Hii ni kuzidisha kwa mbili."

Nikaweka simu chini. Nikatazama ile pete. Nikatazama waya ulio ndani yake, halafu nikatazama pacha wake, ule ulio kando, unaingia ukutani kama mtu asiyehusika. Nikaketi juu ya trei za mayai, bahati zilikuwa tupu.

Hapa ndipo mtu mwenye heshima angemwita Mwalimu amwambie. Mimi niliandika tano kwenye kioo. Mwalimu akapiga kelele ya furaha langoni, "Kumi! Ni kumi!" Alipofika ndani akaniuliza kwa nini ni mara mbili. Nikamwambia, "Ni mambo ya ndani ya mashine, Mwalimu." Akanipa kuku wa kupeleka nyumbani. Nilimpeleka, tukamla, na nilisimulia mezani vile nimeshinda mainjinia.

Kesho yake saa saba simu ikalia. "Fundi, jana ilikuwa kumi. Leo ni kumi na tatu."

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikawasha gari nikaenda Nuu.

Ndunge alikuwa kwa Bwana Abdi, anafunga pampu ya kisima cha mifugo. Bwana Abdi akaniona kwanza, akacheka, "Fundi! Karibu. Nyama siku hizi inakauka kwa kamba, usipande juu." Halafu akaona uso wangu, akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

"Mzee, umepotea njia?" Ndunge akasema, bila kuacha kukaza nati.

"Nimekuja kuona kama pampu imefungwa vizuri."

"Imefungwa. Sasa sema."

"Waya ni mbili."

"Najua. Nilijua siku ile. Nilikuuliza mara tatu."

"Nimepunguza mpaka tano ikasoma kumi. Jana ikasoma kumi na tatu. Kama ni nusu, si ibaki nusu?"

Sasa ndiyo akaacha nati. "Nani alikuambia zitagawana nusu siku zote? Kiungo cha mmoja kikichoka, mwingine unabeba zaidi. Na pete haiuoni huo mwingine. Mzee, umesimama kwa lango moja la zizi unahesabu mbuzi, na zizi lina malango mawili."

Nikaokota nati aliyoiacha, nikaigeuza mkononi.

"Kiungo kikichoka kinafanya nini?" akaniuliza, polepole, kama mtu anayejua unajua.

"Kinapata moto."

"Na kiko wapi?"

"Ndani ya ukuta. Nyuma ya trei za mayai."

Alianza kukusanya vifaa vyake hata kabla sijamwomba. Akafunga sanduku, halafu akasimama. "Nitakuja. Pesa yako sitaki. Nataka vitu viwili. Utasema ukweli mbele ya wale uliosema uongo mbele yao. Na utanunua kitabu, uandike kila nyumba uliyofunga waya pacha. Kila moja. Sababu watu wananunua inveta, na mimi na wengine ndio tutaenda kufunga pete, na hatutajua."

"Ndunge, mimi kuandika vitu virefu siwezi."

"Ushuhuda wa dakika arobaini uliweza."

Tulifika Kathonzweni alasiri. Nilizima kila kitu na nikavunja ukuta mwenyewe, nyundo na patasi, plasta niliyoipaka kwa mikono hii. Kiungo cha waya wenye pete kilikuwa cheusi kama mkaa. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, imeshuka ukutani kwa matone, na nyuma yake ile mbao ya rafu ya mayai ilikuwa imebadilika rangi, sehemu ya upana wa kiganja. Niliigusa na mgongo wa mkono. Ilikuwa bado na joto.

Nilikuwa nimesema kwamba hakuna nyumba yangu iliyowahi kuungua. Nilikuwa nimesema sana. Nilisimama pale na nyundo, Ndunge ameshika tochi. Halafu Mwalimu akaja na chai, akaona, akaweka sinia chini polepole.

"Nalala chumba cha pili kutoka hapa," akasema.

"Najua, Mwalimu."

Siku ya kumi na tatu tulivuta waya mmoja mnene kutoka langoni mpaka ndani, ukapita kwa lile bomba baada ya kuwatoa mapacha. Ndunge akafunga pete kwenye huo mmoja, akaandika kumi kwenye kioo. Alipima mara tatu. Kipimo kikasema kumi, mita ikasema kumi.

Siku ya kumi na nne kijana wa kampuni akaja. Mwenye duka akaja. Akina mama wa kanisa wakaja, wengi kuliko waliohitajika, na mchungaji akiwa nyuma yao. Kijana akasoma mita, akangoja mpaka mashine za mayai zizimwe kidogo na jua liwe kali, akasoma tena. Kumi. Akatoa kalamu. Nikamwambia angoje kidogo.

Nimehutubia watu wengi maishani. Siku hiyo nilitumia dakika moja. Nikasema, "Nambari iliandikwa vizuri tangu siku ya kwanza. Pete niliifunga mimi, kwa waya mmoja, na waya zilikuwa mbili. Ndunge aliniuliza mara tatu. Nilimsingizia. Mita ya kampuni haikulewa."

Mama mmoja akauliza, "Kwa hivyo si Mwalimu aliyechoma amplifaya?"

"Aliyechoma ni mimi."

"Si ungesema mapema tungemnunia mtu sahihi!" Watu wakacheka, na Mwalimu akacheka pia, kwa mara ya kwanza wiki hizo mbili, halafu akaanza kulia kidogo, na wale wale mama waliokuwa wanamsalimia kwa mbali wakamzunguka. Kijana wa kampuni akaandika kumi, akatia sahihi. Laini ikabaki. Vifaranga walitoka Jumanne, mia tano na kitu, kelele tupu.

Mwalimu hakuniacha niondoke hivi hivi. Aliniuliza, kwa ile sauti ya darasani, "Musembi, ziko nyumba ngapi nyingine?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hesabu."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikafika tisa, nikachanganyikiwa kama ninavyochanganya majina ya watoto wangu.

Basi nikanunua kitabu, kile kikubwa cha jalada gumu. Nilizunguka miezi mitano, Kathonzweni, Kalamba, Mwingi mpaka Nuu, goti likilia kila ngazi, nikigonga milango na kuuliza watu, "Hii nyumba niliifunga mimi?" Wengine walinikaribisha kwa furaha, wakidhani nimekuja kusalimia. Tulifungua kuta ishirini na tatu. Viungo vinne vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Ndunge alivuta waya mnene, mimi nilipaka plasta na kuandika: jina, mahali, waya umepita wapi. Mwandiko wangu ni mbaya lakini unasomeka, nimewapa watu wawili wajaribu.

Ile ya ishirini na tatu niliikumbuka mwisho kabisa, tukiwa tumekwisha funga kitabu. Ilikuwa nyumba ya Mwaitu, mama yangu mzazi, hapo Kalamba, mita mia mbili kutoka kwangu. Mwaitu alinitazama nikivunja ukuta wake akasema, "Huu ukuta uliniambia utakaa mpaka nife."

"Ndiyo, Mwaitu. Ndiyo maana nauvunja."

Baada ya hapo ndipo niliposhuka ngazi. Duka langu la ufundi ni la Ndunge sasa, kitabu kinakaa juu ya kaunta yake kimefungwa kwa kamba kisipotee, na kila fundi anayeenda kufunga pete pande hizi anapita kwanza kukisoma. Kurasa zilizobaki mwishoni aliniambia nizitumie nikitaka, ndiyo hizi. Kitesta cha Mzee Mbithi nitampa Ndunge akija Jumapili.

Mtaniuliza ilinigharimu ngapi, najua, mafundi ni mafundi. Waya za nyumba ishirini na tatu, plasta, mafuta ya gari, taa za majirani, amplifaya ya kanisa, na hiki kitabu, ambacho peke yake ni shilingi mia moja na themanini: jumla shilingi laki tatu, elfu kumi na nane, mia nne na thelathini.